Ibada, kama muda utaruhusu

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umekuwa kimya mpaka Mama Mkubwa ananiuliza kama tumegombana. Nimemwambia bado. Sisi wazima, watoto wazima, kelele zao ndizo zinazidi.

Naandika mbiombio maana kuna jambo limenikaa kooni. Ratiba ya Krismasi ya ukoo imetoka. Bwana Mipango, si unamjua, kaipanga kwa saa na dakika: kuwasili, picha za pamoja, chakula, michezo ya watoto, muziki, zawadi, picha tena. Halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani: "Ibada (kama muda utaruhusu)." Yaani picha zimepewa nafasi mbili, mwenye sikukuu yake anasubiri muda umruhusu!

Nikauliza kwenye kundi, kwa upole wote nilionao. Nikajibiwa kwamba mambo ya kanisani kila mtu amalizane nayo kwake. Shemeji akacheka, wengine wakarudi kubishana kuhusu rangi ya nguo.

Wala sipingi sherehe. Nguo mpya napenda, kula napenda zaidi. Kuna waliojaribu kuifuta kabisa: Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipokuwa na nguvu bungeni Uingereza waliipiga marufuku mwaka 1647, na wenzao wa Massachusetts, koloni la Waingereza kule Amerika, wakaweka faini ya shilingi 5 mwaka 1659, sheria iliyodumu hadi 1681. Walikuwa watu wa Biblia, na ni kweli Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Lakini sitaki kufika huko. Shangwe yenyewe ilianza na malaika! Ninachodai ni mpangilio tu. Wale wachungaji wa kondoo walikwenda kwanza kumwona mtoto, ndipo wakarudi wakimtukuza Mungu. Sisi tumeanza na kurudi, kwenda tumekuweka kwenye mabano.

Juzi nilimsikia mdogo wetu, taulo kichwani, akimfundisha mwenzake kwamba Mamajusi walikuwa watatu na walifika usiku uleule zizini. Mathayo hataji idadi, na anasema waliingia nyumbani. Nilinyamaza. Angalau mtoto alikuwa na Mamajusi mdomoni, si orodha ya zawadi. Ndipo nikamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alivyoweka hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda ili watu waone kwa macho Mwana wa Mungu alizaliwa katika hali gani. Nasi tuwafanyie watoto kitu cha namna hiyo. Punda tusihangaike, Shemeji yupo.

Sasa ombi. Injili ya Luka ina sura 24, kwa hiyo ukianza tarehe 1 Desemba, sura moja kila jioni, unamaliza mkesha wa Krismasi. Hapa nyumbani tutafanya hivyo. Ila siku yenyewe nataka wewe utusomee sura ya 2, kabla ya chakula, kabla hata ya hizo picha. Ukisoma wewe watu hunyamaza. Nikisoma mimi huanza kuulizana saa. Na tafadhali, Bwana Mipango mpigie wewe. Tangu ule msiba anakuheshimu, mimi ataniambia nimezidisha ulokole.

Utakuja lakini? Nusu saa ni nyingi, au niombe saa nzima ili wanipunguzie? Tuimbe wimbo gani ambao hata walioacha kanisa bado wanaujua? Na kaka yako, bado hataki kusikia habari za ibada, au nimwombe tu abebe nyasi za hori, aingie kwa mlango huo? Halafu hiyo michango ya nguo, wewe umeshatoa?

Nijibu upesi, ratiba inapelekwa kuchapwa wiki hii.

Wako yuleyule,
Mama Kelele