Stenti haimalizi tiba

Mhariri,

Wengi wakishawekewa stenti kwenye mshipa wa moyo hujiona wamepona, na mwezi wa pili huacha dawa. Hapo ndipo hatari ilipo. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachouweka wazi mshipa uliokuwa umebana; mpaka utando wa mshipa uifunike, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huiona kitu kigeni na kugandia juu yake. Donge likiziba ghafla ni shambulio la moyo, na mara nyingi huua.

Ndiyo maana hutolewa aspirini miligramu 75 hadi 100 na klopidogreli miligramu 75 kila siku: kwa kawaida miezi 6, au 12 kwa aliyewekewa baada ya shambulio. Kisha aspirini huendelea. Hata kung'oa jino si sababu ya kuziacha bila kumuuliza daktari wa moyo. Omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo ambayo watu hujinunulia ovyo, hupunguza nguvu ya klopidogreli. Pantoprazoli ni afadhali.

Mshipa kusinyaa tena ni jambo jingine: huja polepole, kifua kikibana unapopanda ngazi. Ila choo cheusi kama lami, au uvimbe unaokua kinenani palipopitishwa mrija wa kuwekea stenti, ni dalili za kuvuja damu; havisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Wauguzi wa kliniki ya moyo,
Dar es Salaam