Mwanangu, umeziona spora?

Mwanangu Neema,

Ile picha uliyotuma kwenye grupu Jumamosi, ya vikombe vya uyoga kwenye tawi la msindano (paina) ulivyoviita Lachnellula, imeshafika mbali. Baba yako mdogo wa Tabata kairusha kwenye grupu la kanisani, chini kaandika "mtoto wetu kagundua uyoga adimu Mufindi". Nikienda dukani napewa hongera. Naitikia asante, asante, huku tumbo linanisokota. Umeziona spora, zile mbegu ndogo za uyoga za kutazama kwa mikroskopu?

Nimeikuza hiyo picha mpaka macho yakauma. Vikombe vidogo kama punje ya mtama, ndani rangi ya chungwa, ukingoni manyoya meupe kama sufi. Sawa, Lachnellula inafanana hivyo. Lakini aina za Lachnellula ziko nyingi, na hizo za kwenye misindano ukizitazama kwa macho ni mapacha. Halafu kile kikombe cha kushoto mbona hakina manyoya, tena kama kimekaa juu ya utomvu? Sarea, uyoga mwingine mdogo, nayo iko ya chungwa, na makazi yake ni utomvu. Usije ukawa umepata wageni wawili kwenye tawi moja ukawapa jina moja.

Na kitabu chako ni cha misitu ya Ulaya. Misindano ya shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi mingi ni patula, mti wa Meksiko. Nchi hii haina msindano wa asili. Hilo neno "adimu" umelitoa wapi? Labda huku hajatokea mtu wa kuinama akatazama.

Kata kipande chembamba kwa wembe mpya, weka kwenye tone la maji, funika. Utaona vifuko vinavyobeba spora; kila kifuko mara nyingi kina spora 8. Pima urefu na upana wa spora 20, siyo mbili tatu. Kisha ndipo utie iodini uone kama ncha za vifuko zinageuka buluu. Tawi likae kwenye bahasha ya karatasi. Ule mfuko wako wa nailoni wa mwaka jana uliotesha ukungu mwingine kabisa. Vikombe vikikauka vikajikunja usihangaike, vidondoshee maji vitafunguka.

Utasema baba kaanza. Miaka 31 nimeinamia mikroskopu, na sisemi hivi kwa kuwa sikuwahi kukosa. Jioni moja foleni ilitoka mpaka nje, nikapitisha jicho slaidi ya malaria haraka haraka nikaandika "hakuna vimelea". Yule mtoto alirudishwa usiku wa manane. Mama yako hilo halijui, usimuulize.

Hata hivyo fundi aliyekuja kutengeneza pampu nilimwonyesha picha yako kabla hajafungua begi la spana. Akauliza, huu unaliwa? Nikamwambia huyo ni binti yangu. Pampu yenyewe imekula laki na nusu, na mpangaji wa chumba cha uani kodi hajaleta, kwa hiyo hela ya mwezi huu nitakutumia nusu.

Usiende tena msituni peke yako na ukungu ule wa asubuhi. Na jina usilipeleke kwa mwalimu wako wiki hii. Mwambie bado unapima.

Sweta la kijani nimempa kondakta wa basi la Mafinga la alfajiri, kalichukue stendi mapema. Mfuko wa kulia kuna nyembe 10, angalia vidole.

Baba yako