Nyumba inauzwa, haiolewi

Liège, 4 Agosti

Yaya Kasongo, mkubwa wangu,

Hesabu ya fundi imenifikia. Dola 6,800, na zaidi ya nusu yake ni vigae, dari mpya na baraza ya nguzo mbili. Nyumba ya Papa, baba yetu, inauzwa, Yaya, haiolewi. Kwa nini tuipambe hivyo?

Anayenunua Katuba, hapo Lubumbashi, hununua kiwanja. Anahesabu hatua kutoka barabarani, anauliza maji, anauliza karatasi. Wengi wakishalipa wanabomoa upande wa mbele wajenge duka, na vigae vyako vitaondoka na kifusi. Atakayetaka kukaa humo, mke wake ana jiko lake kichwani tayari. Hata huku Ubelgiji umeme unakaguliwa kabla nyumba haijauzwa, lakini ukikutwa na kasoro muuzaji halazimiki kuitengeneza: mnunuzi anapewa miezi 18 kuirekebisha mwenyewe.

Kwanza karatasi. Cheti cha kiwanja bado kina jina la Papa. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, haki ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, siyo na barua ya mauzo iliyogongwa muhuri komini, yaani ofisi ya manispaa. Kwa hiyo warithi wote watie sahihi, Mado wa Likasi naye. Najua mnavyomsema pale nyumbani. Papa alimkubali kuwa mtoto wake akiwa hai, basi ni mrithi kama wewe na mimi. Mkimruka, mwaka kesho atamfuata mnunuzi na sisi tutarudisha pesa ambazo tumeshakula.

Sasa nyumba yenyewe. Kitu kimoja tu ndicho kinachotupunguzia bei kweli: maji. Mtu akiona doa ukutani hakati gharama ya kulitengeneza, anakata kwa woga, na woga ni ghali kuliko simenti.

Bati. Misumari ya zamani ilipigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita. Ing'oeni, mzibe matundu, mpige mipya juu ya mgongo wa wimbi, yenye kofia na mpira. Bati la juu lilalie la chini sentimita 20. Mkibadilisha mabati machache, angalieni namba ya unene: BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. Muuzaji atakuonyesha namba kubwa kana kwamba ndiyo nzito. Mbao za paa mzichome kwa bisibisi, na ikizama kama kwenye mkate, hapo mchwa wameshahamia.

Ukuta wa chumba cha Mama ndio unaonikasirisha. Fundi anataka kuufunika kwa plasta ya simenti tupu. Mkatalieni! Yale ni matofali ya kichuguu yaliyojengwa kwa udongo. Maji yanapanda kutoka chini, na simenti itayazuia kutoka, kwa hiyo yatazidi kupanda. Noeli doa litatokea juu ya plasta mpya. Tatizo liko nje: miaka yote mmefagia uchafu na kuurundika pale, hadi udongo umepita usawa wa sakafu. Uchimbeni mpaka ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, kisha uteremke mbali na ukuta, sentimita 5 kwa kila mita. Bandueni plasta ya zamani nusu mita kupita alama ya unyevu. Ukuta ukauke mwezi mzima. Jua la Septemba halina malipo. Halafu plasta mpya: ndoo 1 ya simenti, 2 za chokaa, 9 za mchanga, unene wa sentimita moja na nusu. Inyunyizieni maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, la sivyo itapasuka. Mmalize kabla mvua haijarudi.

Sakafu msiiguse kabla ya kuipima. Bandikeni karatasi ya plastiki ya mita moja kwa moja, kingo zote kwa gundi, siku mbili. Mkikuta matone chini yake, kigae chochote kitabanduka.

Rangi iwe ya mwisho: nyeupe ya maji, isiwe ya mafuta. Lita moja inatosha kama mita 10 za mraba kwa mpako mmoja, na ukuta mkavu unakunywa zaidi. Mipako miwili.

Hayo yote nimeyapiga hesabu: dola 1,400. Nitatuma nusu, na nusu nyingine nikiona risiti. Usikasirike, Yaya. Pesa ya mabati ya 2019 iligeuka geti, na geti lenyewe ni zuri, sikatai. Mimi huku Wabelgiji wananilipa niwaambie ukuta unaumwa nini, iweje kwetu nisisikilizwe?

Wasalimie watoto. Vinkubala, wale viwavi wakavu, msitume tena kwa mtu wa ndege, vilifika unga. Huku kuna unga wa bukari (ugali), ila hauna harufu ya kwetu.

Komisioneri, yule dalali, anasema mwembe ukatwe ili kiwanja kionekane kikubwa. Usiguswe. Mnunuzi akitaka, aukate mwenyewe.

Mdogo wako,
Ngoy