Kura ya bahasha usiichukulie poa

Chalii wangu, mambo vipi aisee, za Minneapolis na hiyo baridi?

Meseji yako nimeisoma, hongera sana kwa uraia wa Marekani, huku home wote wamefurahi. Ila pale uliposema kura utatuma tu kwa posta kwa sababu ya shifti za usiku, na kwamba eti kura moja haina shida hata ikipotea, hapo nimekataa kabisa. Hilo jimbo lako la Minnesota ndio mahali pa mwisho duniani pa kusema hivyo.

Mwaka 2008, Novemba 4, walichagua seneta hapo, Norm Coleman aliyekuwa anatetea kiti na Al Franken. Watu karibu milioni 2.9 wamepiga kura, hesabu ya kwanza inaisha Coleman anaongoza kwa 215. Mia mbili na kumi na tano tu, hao hata ukumbi wa harusi hapa Moshi hawajazi. Sheria yao ikasema tofauti ikiwa ndogo hivyo zinahesabiwa upya kwa mkono, basi ndio vita ikaanza, na vita yenyewe ikaishia kwenye kura za posta kama hiyo yako.

Sikiliza zinavyoenda. Karatasi ya kura unaiweka kwenye bahasha ya siri, hiyo inaingia kwenye bahasha nyingine ambayo nje yake wakati ule ulitakiwa usaini wewe na shahidi wako. Yule ofisa anayekubali au kukataa hajui umempa nani, anasoma bahasha tu: saini yako haifanani na ile ya fomu ya kuomba, shahidi hajaandika anwani, sijui shahidi mwenyewe hajajiandikisha. Mwaka ule zilikataliwa kama 12,000, halafu walipopitia tena, maofisa wenyewe wakakiri kwamba zaidi ya 1,300 zilikataliwa kimakosa, yaani mwenye kura alifanya kila kitu sawa na bado akatupwa nje.

Sasa kilichonikera mimi ni hiki. Mahakama Kuu yao ya jimbo, Desemba, ikaamua hizo zifunguliwe ila wagombea wote wawili wakubaliane bahasha moja moja! Ni sawa na kuwapa filimbi wachezaji waliopo uwanjani. Mawakili wakakaa wanachambua bahasha za watu, hii inatoka kijiji gani, hii siitaki, mwisho zikafunguliwa 933 tu. Hao wengine kosa lao nini? Hakuna, ni kwamba kuna upande ulihisi watawaumiza.

Kuhesabu kwa mkono kulishampindua Coleman, Franken akawa mbele kwa 49, na hizo 933 zikampa nyongeza ya 176, akatangazwa anaongoza kwa 225. Na hapo ndio uone siasa, Coleman ambaye mwanzo hakutaka zifunguliwe akaenda mahakamani kuomba zifunguliwe maelfu nyingine. Ingawa kusema ukweli hoja yake moja ilikuwa nzito, kwamba kuna wilaya zilikuwa legevu zikapokea bahasha zenye kasoro zilezile ambazo wilaya nyingine walizikataa, na kura ikishatoka kwenye bahasha ikachanganywa huwezi tena kuirudisha, haina jina. Majaji watatu wakashikilia sheria ilivyoandikwa, Aprili 2009 zikafunguliwa 351 tu, tofauti ikafika 312, na Juni 30 Mahakama Kuu ikamaliza kesi. Franken ameapishwa Julai! Miezi nane tangu kura, na kama sita kati ya hiyo jimbo lina seneta mmoja badala ya wawili.

Mimi hii kitu inanigusa kwa sababu huku hiyo bahasha hatuna kabisa, unapiga kura pale ulipojiandikisha na siku ileile, basi. Oktoba 2015 mdogo wangu alikuwa mlimani Kilimanjaro, ni mgumu, yaani mpagazi, kabeba mizigo ya wageni yupo kambi ya Barafu, kichinjio chake, kadi ya kupigia kura, kipo mfukoni kwenye koti, wenzake chini wanapanga foleni. Aliniambia walikaa kwenye hema la jikoni wanasikiliza matokeo kwa redio ya simu ikikatakata, wapishi, wagumu, waongozaji, kila mtu ana kadi na hakuna aliyepiga. Watu wazima wanaolipa kodi. Wewe umepewa nafasi ambayo wao wangeikimbilia halafu unaniambia haina shida ikipotea.

Kwa hiyo tafadhali, ukipata hiyo bahasha usijaze ukiwa umechoka umetoka shifti. Soma maelekezo yote ya mwaka huu maana sheria walishazibadilisha baada ya ile kesi, jaza sehemu ya shahidi mbele yake huyo shahidi, itume mapema, na jimbo lina tovuti ya kufuatilia kama imepokelewa au imekataliwa, uingie uangalie. Ikikataliwa mapema bado unaweza kurekebisha.

Mama anakusalimia sana, anauliza Desemba unakuja au ndio mpaka mwakani. Ukishaona imepokelewa nitumie meseji hata kama huku ni usiku wa manane.

Wako wa Majengo, Moshi