Ile kartoni yetu imepatikana

Niaje Jenerali,

Watu wa nyumba wako aje? Natumai huyo mtoto alipona kikohozi. Mimi niko sawa tu, kazi ni ile ile, rent ndio imeongezwa. Nimeona leo nikuandikie badala ya kukutumia voisi ya dakika saba, maana najua hizo huwa unasikiza mbili za kwanza halafu unajibu "aki si ndio".

Wiki jana nilienda ushago kusaidia mathe kubadilisha mabati ya kile chumba tulikuwa tunalala mimi na wewe holide, sasa tukitoa vitu huko juu kwa dari kartoni ya mafuta ya kupika ikanishukia, karibu inivunje shingo. Kufungua ni Shujaaz, zile komiki zetu za bure. Zote! Zile tulikuwa tunachomoa kwa gazeti la Jumamosi la mwalimu kabla hajalikunjua, na zile za kuombea kwa duka la M-Pesa, yule mama anasema ni moja kwa kila mtu halafu wewe unazunguka nyuma ya posho mill unarudi umegeuza kofia eti ni mtu mwingine. Panya wamekula kona lakini rangi iko vile vile. Nilikaa kwa ngazi nikaanza kusoma, fundi ananingojea na misumari mdomoni, mathe anauliza kama nimekwama.

Manze, unakumbuka vile ilianza? 2010, Februari, tuko sekondari tu. DJ Boyie, yule wa kuchorwa, kijana wa miaka 19, amemaliza shule hana kazi, ameunda stesheni ya redio kwa bedroom ya kwao, anaingilia mawimbi ya watu na hata wazazi wake hawajui ni yeye. Kwetu miaka 19 ilikuwa ya mtu mzima kabisa. Ulikuwa unasema ukifika 19 utakuwa na transmita yako, ukabeba ile redio ya shosho ukaifungua yote na haijawahi kufungika tena. Sasa wewe uko na bibi na mtoto na loni ya sako, na ndani ya hii kartoni Boyie bado ako 19 na bado anaogopa babake.

Ndio nikafikiria Machachari, kile kipindi cha watoto cha Citizen TV. Wale tuliona wakikua, Baha na Govi walianza wakiwa vitoto mpaka sauti zikavunjika tukiangalia, kwa hivyo ukiacha kuangalia unajua hata wao wako na mambo yao ya ukubwa. Lakini mtu wa kuchorwa hakungoji, na pia hakufuati. Unamwacha tu hapo.

Halafu nikafika kwa ile ya vifaranga! Nilicheka mpaka mathe akakuja kuona. Si unakumbuka Charlie Pele, yule mwingine wa Shujaaz, na mambo yake ya ushago, vile vifaranga vikipakwa rangi mwewe anashindwa kuvitambua, sisi nao bila kuuliza mtu tukachukua ile rangi ya keki ya mathe, ya zambarau, tukaikoroga kwa karai, vifaranga 11 vya shosho vikaingia kimoja kimoja vikitoka vinatetemeka kama vimebatizwa. Shosho kutoka kanisani akasimama kwa geti. Hakuongea kitu. Aliweka Biblia chini pole pole, akavunja kijiti kwa ua, na hapo ndio nilijua wewe unaweza kukimbia. Lakini ilifanya kazi! Mwewe alikaa kwa ule mgrevilia akiangalia chini wiki nzima asishuke, hata shosho akaanza kuonyesha majirani kama ni akili yake, tukajiona maprofesa, mpaka paka ya kwa jirani ikaja usiku ikala viwili. Charlie hakuwa amesema kitu kuhusu paka. Vidole vyetu navyo vilibaki zambarau mpaka shule zikafunguliwa.

Kitu nimekuwa nikijiuliza ni tuliacha lini. Sikumbuki siku. Najua kwa koleji rumeti wangu alinipata na moja akaniuliza "bado unasoma katuni?" nikaisukuma chini ya godoro kama ni kitu ya aibu, na baada ya hapo sikutafuta ingine. 2012 Shujaaz walishinda tuzo ya Emmy ya kimataifa, hiyo tulisherehekea na soda kama ni sisi tulichora, wakashinda tena 2014, na hiyo ya pili nilisikia vile mtu husikia eks wake ameolewa, ukasema aa, sawa, vizuri. 2015 wakaingia hadi Tanzania, huko redio ilikuwa ya DJ Tee. Mimi hata sikujua mpaka baadaye sana.

Nilikuwa nadhani ni hadithi ndizo zilibaki nyuma, lakini nimezisoma tena na bado ni tamu, hakuna kusoma hakuna kazi, kijana anajitafutia, hiyo si hadi leo? Sasa sikia. Mpwa wangu alikuwa hapo, yule wa sista, sasa ako na miaka 14, mrefu kunishinda. Nikampatia rundo, nikamwambia hizi ndizo zilitulea, kaa chini usome. Akasoma kurasa kama nne, kimya, nikajua ameingia boksi. Halafu akainua kichwa akaniambia, "Anko, hapa wanaongea kama wewe."

Hakukuwa na ubaya, ungemuona uso. Alimaanisha tu hiyo ni sheng ya wazee. Sisi! Hiyo sheng ndio mwalimu wa Kiswahili alininyang'anyia nakala tatu juu yake, akanipa 7 kwa 20 kwa insha akaandika na kalamu nyekundu "lugha ya mtaani", na sasa kijana anaisoma kama Utenzi, anauliza maana ya maneno. Nikajaribu kumweleza, akanieleza zake, tukapatana kwa "poa" na kwa pesa, mengine ni kila mtu na lugha yake. Yeye hata hizi za karatasi hajui kulitoka nini, vitu vyake vyote viko kwa simu, na nikichungulia simu yake sielewi hata kichekesho kimoja, yeye ako chini analia na kicheko.

Hiyo imeniuma kidogo, sikudanganyi. Mathe naye anauliza tu kama karatasi zinaweza kuwasha jiko.

Basi nimempatia kijana moja, ile ya vifaranga, aliiomba mwenyewe, na nimemwonya kuhusu paka. Zingine zimerudi kwa kartoni, nitakuja nazo Nairobi nikipata mahali pa kuweka. Lakini kuna moja imetoka kava, nyuma kumeandikwa kwa biro deni la mandazi, shilingi 35, na jina limefutwa. Mwandiko si wangu. Angalia kumbukumbu zako uniambie ni nani alikuwa anadai nani, maana kama ni wewe ulikuwa unadai nitatuma leo leo, na kama ni mimi, Jenerali, na riba.

Salimia bibi, na mtoto.

Ni mimi, wa dawati la nyuma