Mheshimiwa Waziri, tuwaambie watoto Kiswahili kilipitia wapi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kampala.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Gulu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja kwa kuwa ninalokuandikia halihusu shule moja. Nakuandikia kwa sababu ya bibi mmoja na daftari la mjukuu wake.

Ilikuwa siku ya wazazi. Mego huyu (ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima huku Acholi) alikuja kumtazama mjukuu wake wa kidato cha kwanza. Akapekua madaftari moja moja, hisabati, jiografia, hadi akafika la Kiswahili. Akamwambia mtoto asome. Mtoto akasoma kwa madaha: "Simama. Kaa chini. Njoo hapa. Lete. Lala." Nilikuwa nimeanza na vitenzi vya kuamuru kwa sababu ni vifupi, havina viambishi vya kumchosha mgeni. Mego akalifunga daftari polepole, akaliweka juu ya mengine, akaniambia kwa Kiacholi: "Hayo maneno, mwanangu, niliyajua kabla huyu hajazaliwa. Nilifundishwa kwenye kizuizi cha barabarani." Kisha akasema hiyo ndiyo lugha ya waliotuuza.

Sikumjibu. Nilijifanya kuna mzazi mwingine ananiita. Maneno yake nimetembea nayo muhula mzima, na barua hii ndiyo jibu ambalo ningempa, ila nalileta kwako kwa kuwa mitaala na vitabu vya kiada viko chini ya wizara yako.

Mego alichanganya mambo. Waliowateka watu wa huku hawakuwa Waswahili. Walipanda na Mto Nile kutoka Khartoum, walizungumza Kiarabu cha Sudani, na wazee wa Acholi waliwaita Kuturia. Moja ya vituo vyao ilikuwa Patiko, kaskazini mwa mji wetu, juu ya majabali unayoyaona ukiwa bado mbali. Mwaka 1872 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Khedive Ismail wa Misri kukomesha biashara ya watumwa, alijenga ngome yake hapo hapo. (Mwaka huohuo, kule Masindi, mkombozi huyu alitangaza kwamba Bunyoro yote ni mali ya Misri, hadi Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipomtimua.) Ukipanda leo utaona handaki lililochimbwa kuzunguka ngome na mabaki ya vyumba vya mawe vya kuwekea nafaka. Waongozaji watakuonyesha chale kwenye mwamba na kukwambia hapo ndipo waliogoma walipokatwa shingo. Watu wengi hupaita Ngome ya Baker. Waliofungwa pale hatujui hata jina la mmoja.

Kwa hiyo ningeweza kumwambia mego: lugha yangu haimo katika kesi hii, niache. Ingekuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo isingempita mama aliyeishi miaka mingi namna ile. Kusini ilimo. Misafara ya pwani ilifika kwenye ikulu ya Suuna, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844, ikipitia Tabora na Karagwe, na ilikuja na Kiswahili. Ilileta nguo, bunduki na Kurani, ikaondoka na pembe za ndovu na watu. Angalia Waganda walichobaki nacho mdomoni: kitabu kikawa ekitabo, barua ikawa ebbaluwa, bunduki ikawa emmundu. Vilishuka kwenye mzigo mmoja. Na tusijidanganye kwamba wageni walikuwa wakiokota watu porini. Majeshi ya Buganda yalivamia Busoga na Bunyoro, yakarudi na mateka, na mateka wakauzwa. Luganda ina abaddu (watumwa), ina abazaana (wajakazi), maneno ambayo hakuna mfanyabiashara wa pwani aliyewafundisha. Hili huwa tunalipita mbio darasani kwa sababu wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wamekaa benchi moja.

Kuhusu kizuizi cha barabarani, hapo mego yuko sahihi kabisa. Uingereza haikuiteka nchi hii kwa askari wa Uingereza. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua askari Wasudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, wengi wao wakiwa watu waliotekwa utumwani wakiwa vijana wakavishwa sare, na kwa mikono yao akashika nchi. Wajukuu wao ni ndugu zetu Wanubi wa Bombo, ambao hadi leo kuna watu wanawauliza kwao ni wapi. Baadaye likaja King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, na lugha ya amri ikawa Kiswahili. Wakoloni wakagawa nchi kama shamba: kusini kulimwe pamba na kutoke makarani, kaskazini kutoke askari na vibarua wa miwa. Watu wa West Nile wakapelekwa kukata miwa Kakira na Lugazi. Vijana wa Kiacholi wakaambiwa wamezaliwa kupigana. Tulipopata uhuru mwaka 1962 tulirithi jeshi linalozungumza lugha moja na raia wanaozungumza nyingine, na raia aliisikia ya kwanza siku ya mabaya tu.

Nayasema haya kama mtoto wa jeshi. Nilikulia kambini Jinja. Kiswahili changu cha kwanza si cha Unguja, ni cha foleni ya bomba la maji, cha watoto wa Kiteso, Kilugbara na Kiacholi tuliokuwa tukigombania mpira wa matambara. Kwangu ilikuwa lugha ya kucheza. Nilishangaa sana nilipofika Kampala nikiwa msichana, nikamsalimia muuza matoke kwa Kiswahili, akarudi nyuma hatua mbili. Kwake miaka ile neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa "panda gari". Huko Kampala si kitenzi, ni jina la jambo: lori la jeshi linasimama, wanaume wa mtaa mzima wanapandishwa, na baadhi hawarudi.

Kiswahili kimeletwa kwa amri zaidi ya mara moja hapa kwetu, na kila mara kimerudishwa mlangoni. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kiwe lugha ya shule na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Maaskofu wakapinga wakikiona cha Kiislamu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi, akihofia heshima ya Luganda, na Waganda wengi wakahofia kuunganishwa na Kenya, ambako walowezi walikuwa wamekaa juu ya ardhi ya watu. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa, tangazo ambalo ni vigumu kufikiria la kukidhuru zaidi. Mwaka 2005 Katiba ikarekebishwa kiwe lugha rasmi ya pili. Mwezi wa saba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima, msingi na sekondari. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nilijiuliza kama kuna aliyekumbuka kwamba neno "lazima" lenyewe watu wengi waliambiwa na mwenye bunduki.

Mwaka huu mwenzangu mmoja wa kazi, mtu mwema, alipendekeza Jumatano iwe siku ya Kiswahili, na atakayezungumza lugha nyingine avae kibao. Wewe unakijua hicho kibao, Mheshimiwa. Hakuna aliyesoma Uganda asiyekijua. Nami nilikivaa darasa la nne kwa kosa la kumwambia mwenzangu kwa Kiacholi anipe raba. Kilikuwa ubao mdogo wenye tundu na kamba ya katani, umekuwa mweusi kwa jasho la shingo za watoto, na ulinuka. Ukikaa nao unatega masikio uwanjani umsikie mwingine akikosea ili umpe. Tulijifunza Kiingereza, ndiyo. Tulijifunza na kuchongeana. Leo niletewe kibao kilekile nikitie shingoni mwa mtoto kwa niaba ya Kiswahili? Nilikataa, na kikao cha walimu kikaisha vibaya.

Ninachokuomba si kikubwa kwa fedha. Sikuombi hata walimu, ingawa mimi peke yangu nina mikondo sita na wizara inajua hali ilivyo kote nchini. Naomba kitabu cha Kiswahili cha kidato cha kwanza kieleze lugha hii ilivyotufikia, yote, pamoja na misafara, kambi na lori. Kieleze pia sehemu ya pili ambayo mego hakupewa: wasafiri wa mabasi ya Juba na Mombasa wanaelewana kwa lugha gani, na mama wa soko la Busia mpakani anauza kwa ipi. Mtoto anayefichwa habari za lugha atazipata nyumbani, tena kwa uchungu. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamuru majina ya kikoloni yaondolewe kwenye mitaa ya Kampala, na ni vema, lakini kubadilisha kibao cha barabara ni kazi ya fundi mmoja na ngazi. Hili la darasani ni lenu na letu.

Tena naomba somo la kwanza lisiwe vitenzi vya kuamuru. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, na nimelirekebisha bila kungoja barua ya wizara. Sasa tunaanza na salamu. Wiki mbili nzima ni "habari za nyumbani", "mmeamkaje", "poleni na safari", hadi wanachoka. Mjukuu wa mego alikwenda kumsalimia bibi yake kwa Kiswahili likizo iliyopita. Anasema bibi hakuitika, ila hakufunga daftari pia.

Muhula ujao nitawapeleka wanafunzi wangu Patiko. Tutakaa juu ya jabali na kuulizana, kwa Kiswahili na Kiacholi pamoja, watu waliopitishwa pale walikuwa wakiitana kwa majina gani. Nimemwalika mego aje kutusimulia aliyoyasikia kwa bibi yake. Ametuma jibu kwamba atakuja, mradi apewe kiti cha mbele kwenye basi kwa sababu ya magoti. Upande wa dereva kuna kingine kitupu. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, nitakuwekea.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili,
Gulu.