Misheni ya Ulyankulu nayo iandikwe, madaftari yangalipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala yenu ya majuzi juu ya Ukatoliki katika Unyamwezi. Mwandishi kaeleza vizuri msafara wa Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, uliotoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Tabora, na baadhi yao wakaingia Ujiji mwanzoni mwa 1879. Kipalapala, misheni yao ya karibu na Tabora, kaitaja. Kisha akaruka mpaka kwa Askofu Mkuu Marko Mihayo wa Tabora, akaweka nukta. Sisi wa Ulyankulu, makazi ya waliokimbia kutoka Burundi, hatumo hata kwa sentensi moja.

Mimi ni mtoto wa katekista. Wazazi wangu walivuka mpaka mwaka 1972, wakitokea upande wa Rumonge, wakati wa mauaji ya Burundi. Mwaka ule Mhutu aliyekuwa mwalimu, mwanafunzi au katekista aliwindwa kama mnyama. Walipitia Kigoma, wakaletwa kwenye pori ambalo leo liko wilaya ya Kaliua. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukachangia, na TCRS, shirika la Kilutheri, likasimamia makazi. Kuna Wakatoliki wenzangu wasiopenda kulisikia hili, lakini maji ya ubatizo wetu wa kwanza yalichotwa kwenye kisima cha Walutheri.

Makala za misheni huanza na padre: kafika, kajenga, kabatiza. Kwetu waumini walitangulia. Waliingia porini wakiwa wamebatizwa, wengine wamefunga ndoa, ila vyeti vimebaki kwenye nyumba zilizoungua. Baba alianza kusalisha chini ya mninga, kwa Kirundi, kabla kigango, yaani tawi la parokia, hakijawa hata na jina. Akawa na daftari la shule, la mistari. Humo aliandika jina la mtu, la baba na mama, kilima alichotoka Burundi, msimamizi wake wa ubatizo, na barabara anayoishi sasa, maana makazi yetu yalipimwa kwa barabara zenye namba na mpaka leo mtu akiulizwa kwao hujibu kwa namba. Mtu akidai amebatizwa na hana cheti, baba alimtafuta jirani wa kilima kilekile aje kushuhudia. Sheria ya Kanisa inaruhusu: shahidi mmoja asiye na shaka anatosha, mradi hakuna anayeumizwa na ushahidi huo. Padre alipofika kwa zamu yake, baba alimkabidhi majina, nayo yakahamishiwa kwenye kitabu kikubwa cha parokia. Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa mmoja wa walioyanakili, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Ndiyo maana nayajua majina ya vilima ambavyo sijawahi kuvikanyaga.

Kwa nini leo tunaijua Kipalapala ya miaka ya 1880? Kwa sababu Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliwaamuru mapadre wake waandike shajara katika kila kituo, na shajara hizo zimetunzwa Roma. Ukizisoma habari za wakati ule utaona jambo ambalo mwandishi wenu amelipita. Wakristo wa kwanza wa misheni zile wengi wao hawakuwa wenyeji. Walikuwa watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, wengi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hata Daktari Adrian Atiman, aliyetibu watu Karema kuanzia 1889 mpaka alipofariki 1956, alizaliwa Mali na kukombolewa utumwani akiwa mtoto. Na mapadre waliotoka Ujiji kwenda kufungua kituo Burundi, Deniaud na Augier, waliuawa mwaka 1881. Waliuawa Rumonge, huko huko walikotoka wazazi wangu. Kwa hiyo anayetuona sisi wa 1972 kama sura ya pembeni, ya wageni waliodandia, aangalie vizuri kanisa hili lilianza na nani.

Shajara za mapadre ziko Roma. Madaftari ya makatekista wetu yako wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1970, ardhi na maji vilipozidiwa na watu, maelfu walihamishiwa Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi, na baadhi ya madaftari yakaondoka nao. Mengine yako juu ya dari za nyumba za wajane. La baba ninalo mimi. Kurasa za mwanzo mchwa wamezipitia pembeni, majina bado yanasomeka.

Faida yake si kumbukumbu tu. Mwaka 2007 serikali ilipotupa nafasi ya kuchagua kurudi au kuomba uraia, wengi tukachagua kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo tukahesabiwa kuwa Watanzania. Baadaye mdogo wangu alifuatilia kitambulisho, ofisi moja ikamtaka athibitishe alizaliwa lini na wapi. Hakuwa na karatasi nyingine zaidi ya cheti cha ubatizo, na cheti hicho kilitokana na mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya baba. Alirudishwa mara kadhaa, mwishowe kikapokelewa.

Ninachoomba ni kidogo. Parokia zetu, za Ulyankulu na za Mishamo, zitangaze kanisani kwamba mwenye daftari la kigango la miaka ile alilete lipigwe picha kila ukurasa, kisha arudishiwe lake. Simu ya kijana yeyote wa kwaya inatosha. Vitabu vya ubatizo vyenyewe vina siri za watu, hivyo vibaki mikononi mwa paroko; siombi viwekwe hadharani. Makatekista waliobaki wasikilizwe na sauti zao zirekodiwe, hasa wale wanaokumbuka nani alitoka kilima gani.

Nawe Mhariri, mtume mwandishi wenu afike huku. Ashuke Kaliua, aulize usafiri wa Ulyankulu, asijisumbue kuandika barua kwanza. Ila aje kiangazi, tumbaku ikishauzwa. Mvua zikianza wazee wote wako shambani na hakuna atakayekaa kuhojiwa.

Mtoto wa katekista,
Ulyankulu, Tabora